BB ZM HDR HRK

Bi Hafsa alisema neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa "mkorogo".

Alilisema taratibu, kama mtu anayetaja jina la marehemu, huku macho yake hayabanduki kwenye runinga mpya ya inchi hamsini na tano iliyosimama sebuleni kwa Mzee Msafiri, pale Makorora. Ndani ya runinga hiyo alikuwa Mudathir, mtoto wa pekee wa nyumba hiyo, baharia wa meli ya mizigo, akiwasalimu wazee kwa adabu zote. Salamu hazikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa uso, ambao ulikuwa mweupe kama muhogo uliomenywa. Shati alilovaa nalo jeupe, ukuta wa chumba chake melini nao mweupe, hata kola ukawa unaijua kwa kukisia.

"Mkorogo gani tena, Bi Hafsa?" Mzee Msafiri alicheka, lakini kicheko chenyewe kilitoka na jasho. "Huyu ni Mudathir yule yule. Maji ya kunde."

"Maji ya kunde yako wapi hapo, Bwana Msafiri? Hayo ni maji ya mchele."

Bi Hafsa alikuwa shangazi yake Mwantumu wa Kigombe, binti aliyeposwa, na katika mambo ya Mwantumu hakuna aliyefungua kinywa kabla yake, hata baba mzazi, Abdulghani, aliyekuwa amekaa pembeni yake na kofia yake ya vito juu ya goti. Barua ya posa ya Mudathir ilikuwa Kigombe wiki ya tatu sasa. Leo, baada ya sala ya alasiri, wakwe watarajiwa walikuja na jibu, na jibu lilikuwa ndani ya mkoba wa Bi Hafsa: bahasha ile ile ya posa. Bahasha ikirudi Kigombe ndani ya mkoba, kuna harusi. Ikiachwa mezani, basi, watu wanywe soda zao waagane.

Picha za simu alishazikataa. "Simu zina dawa," aliwaambia siku ya kwanza. "Binti ya jirani yangu aliposwa na mtu wa kwenye simu. Mume aliposhuka garini, ilibidi atoe kitambulisho ndipo wamfungulie mlango. Mimi kijana nataka nimwone kwenye kioo kikubwa, cha mtu mzima."

Na kioo kikubwa kilikuwapo. Mudathir mwenyewe ndiye aliyekituma, pamoja na kiboksi cheusi cha intaneti chenye ukubwa wa sabuni ya kufulia, ambacho ukikichomeka nyuma ya runinga kinaleta dunia nzima. Mzee Msafiri alikuwa amekizungumzia kioo hicho barazani wiki nzima, na kila siku kilizidi inchi mbili. Anold, fundi wa redio na pasi ng'ambo ya kichochoro, kijana wa Kilutheri kutoka milima ya Lushoto, alikuja siku ya kwanza kuomba akirekebishe. Mzee Msafiri akamjibu mbele za watu: "Runinga hii haiguswi na fundi wa pasi." Anold akacheka, akarudi kwenye pasi zake.

Sasa Mzee Msafiri alikuwa na rimoti mbili mikononi, moja ya runinga na moja ya kiboksi, na hakujua ipi inamsaliti.

"Aonyeshe vifundo," alisema Bi Hafsa.

"Vifundo vipi?" aliuliza Mwanamkasi, mkewe Mzee Msafiri, akiwa na sahani ya sambusa mkononi.

"Vya vidole, mwenzangu. Mkorogo haufiki kwenye vifundo. Wifi yangu mmoja aling'ara uso mpaka shingo, tukasema mashallah. Kupokea kikombe cha chai hivi, vifundo vyeusi kama korosho za kuungua."

"Hafsa, ya nyumbani hayo," alinong'ona Abdulghani.

"Nshayasema. Kijana ainue mkono."

Mzee Msafiri akaisogelea runinga. "Mudathir," akaiambia kwa sauti ya kibaba, "hebu inua mkono, mwanangu."

"…na Inshallah nikishuka mwezi wa nane," aliendelea Mudathir, mweupe peee, "nitakuja mwenyewe Kigombe kuwapa mkono…"

"Kwanza hasikii," alisema Bi Hafsa.

"Imerekodiwa, Bi Hafsa," Mwanamkasi akaingilia. "Alijirekodi juzi. Hapo hatuoni sisi."

"Ah. Kumbe hata sisi hatuoni."

Mzee Msafiri akaona aibu inampanda kutoka nyayoni. Akabonyeza rimoti ya runinga: sauti ikapanda. Akabonyeza ya kiboksi: ikaja orodha ya maneno. Akabonyeza neno la kwanza alilolipenda. Chumba chote kikawa kijani.

Mudathir alikuwa kijani. Meno kijani. Shati kijani. Midomo tu ndiyo iliyopona, nayo ilikuwa na rangi ya zambarau mbivu.

Sambusa moja ikateleza kwenye sahani ya Mwanamkasi ikaanguka, na hakuna aliyeiinamia.

"Kwetu Kigombe," alisema Abdulghani kwa upole, maana yeye alikuwa mvuvi tangu ujana na hakutaka kumvunjia mtu heshima, "samaki akifika rangi hii, hapelekwi mnadani. Anafukiwa."

"Hiyo ni bahari!" Mzee Msafiri akadaka. "Meli yao sasa iko kwenye ile sehemu ya maji ya kijani. Jua linapiga maji, maji yanarudisha usoni. Mimi bandarini nilimwona nahodha mzima ameshuka kijani hivi hivi, tukampa maziwa, kesho yake mzima."

"Na midomo?" aliuliza Bi Hafsa. "Mbona zambarau?"

"Amekula zambarau."

"Melini?"

"Wanazo tele. Wanapewa kwa kikombe."

Mwanamkasi akajifunika macho kwa ncha ya mtandio. Miaka thelathini na nne ameishi na mtu huyu, na mpaka leo hajazoea kumsikia akiongopa mbele ya wageni.

Bi Hafsa alivuta mkoba wake akaupakata. "Bwana Msafiri, sisi hatukuja kwa ubaya. Lakini huko Mwera yuko kijana Sadalla, ana minazi yake, ana kipikapu chake. Sadalla haonekani kwenye runinga. Anaonekana mlangoni." Akafungua zipu. "Kijana wenu sasa hivi alikuwa mweupe, mara kijani. Kesho akija mwekundu, nitamwambia nini Mwantumu?"

Akaitoa bahasha, akaiweka juu ya meza, pembeni ya chupa ya soda. Mkono wake bado ulikuwa juu yake. Vidole viwili tu.

"Dakika moja, Bi Hafsa!" Mzee Msafiri alisema. "Moja tu. Nampigia mwenyewe. Usiunyanyue huo mkono, tafadhali sana."

Akaiweka rimoti ya kiboksi juu ya kiti, akatoka uani na simu. Hakuona kwamba rimoti imelala kifudifudi, na kitufe kimoja kimebanwa na mto.

Meli ya Mudathir ilikuwa inang'oa nanga alasiri hiyo hiyo. Baada ya hapo hakuna mtandao siku arobaini. Mzee Msafiri alipiga mara tatu, haikupokelewa. Akampiga picha Mudathir wa kijani kupitia dirishani, akaituma pamoja na maneno: "MWANANGU UMEHARIBIKA. WAKWE WAPO. BAHASHA IKO MEZANI."

Akasubiri akizunguka pipa la maji. Hatimaye simu ikalia kidogo mkononi. Ujumbe ulikuwa huu:

BB ZM HDR HRK

Sasa, Mudathir hakuwahi kuandika irabu tangu aanze ubaharia. Bando la melini ni ghali, na vidole vyake vilizoea haraka. Mzee Msafiri alishapokea NMFK SLM akajua amefika salama. Alishapokea NTK KMB VT akajua anatoka kambi ya vita, akahuzunika siku mbili, kumbe mtoto anataka kamba za viatu. Kuyavisha mafupa hayo nyama yake ilikuwa kazi yake, na aliifanya kwa majivuno. Akavaa miwani.

BB, hiyo ni baba. ZM, zima. HRK, haraka, hata mtoto wa madrasa anaijua.

HDR.

Akasimama. Akaisoma tena.

Hadhari.

Baba, zima. Hadhari. Haraka.

Alirudi sebuleni kwa hatua za mtu anayejaribu kutokimbia. Na pale kwenye runinga, mto ulikuwa umekwisha kufanya kazi yake: Mudathir alikuwa ameondoka, na mahali pake palikuwa na maneno matatu makubwa ya Kiingereza, meupe juu ya weusi.

HIGH DYNAMIC RANGE

Mzee Msafiri alikuwa karani wa bandari ya Tanga kwa miaka thelathini, na Kiingereza chake kilikuwa cha kwenye makasha. Akayasoma maneno yale moja moja. "High" alilijua: liko kwenye nguzo za umeme mkubwa, chini ya picha ya fuvu la mtu. "Range" alilijua: alipokuwa Jeshi la Kujenga Taifa, renji ndipo walipokwenda kulenga shabaha. Na la katikati, miwani ikiwa na ukungu wa jasho, alilisoma mpaka herufi ya sita, na mwisho wake akaumalizia kutoka kwenye makasha yenye neno DYNAMITE, yaliyokuwa yakishushwa peke yake, mbali na watu, kwenda kwenye machimbo ya mawe.

"HADHARI!" alipiga kelele. "Tokeni! Baruti! Runinga ina baruti!"

Ungemwambia mtu wa mji mwingine neno hilo, angeuliza maswali. Abdulghani alikuwa mtu wa Kigombe. Aliziishi zile zama za uvuvi wa baruti, mlipuko unapigwa baharini na vikombe vinacheza kabatini. Hakuuliza. Alilala chini kifudifudi, akajiviringisha mara mbili juu ya zulia, akatoka mlangoni kwa viwiko. Mwanamkasi alitoka kwa miguu, na sahani ya sambusa hakuiacha. Lakini wa kwanza kabisa kufika nje, mbele ya wote, alikuwa Mzee Msafiri mwenyewe.

Alisimama kichochoroni anahema. Majirani walikwisha toka. Ng'ambo, Anold alisimama na pasi mkononi.

Hapo ndipo Mzee Msafiri alipokumbuka. Inchi hamsini na tano! Zimebaki ndani peke yake, na yeye bado hajazimaliza kuzisimulia.

Akageuka akarudi mbio.

Nyuma yake Abdulghani alikuwa ndiyo kwanza anajipapasa kichwani, akatazama kulia, akatazama kushoto, akapiga yowe: "Hafsa! Hafsa yumo ndani!"

Bi Hafsa alikuwa ndani kweli. Kochi la Mzee Msafiri ni la springi za zamani, na mtu mwenye magoti ya Bi Hafsa akishazama humo hatoki mpaka avutwe na wawili. Alikuwa amefumba macho, anasoma shahada kwa sauti, mkoba kifuani. Mzee Msafiri alimpita. Alikwenda moja kwa moja kwenye runinga, akaikumbatia kwa mikono yote miwili kama ndugu aliyetoka safari, akaiinua. Ilikwenda shibiri moja, ikagoma. Waya wake ulikuwa umepita chini ya kochi, na juu ya kochi kulikuwa na Bi Hafsa mzima.

"Bi Hafsa, nyanyuka kidogo!" alisema.

Bi Hafsa alisikia sauti ya mwanamume imemjia katika saa yake ya mwisho. Bila kufumbua macho, alinyoosha mikono akamkamata shingo.

"Allah akulipe, Bwana Msafiri! Allah akulipe! Umenirudia!"

"Si… mimi…"

"Usiniache!"

Shingo yenyewe ilikuwa moja, na mikono ya Bi Hafsa ilikwisha twanga mpunga miaka hamsini. Mzee Msafiri aliipima runinga, akaupima mkabo. Pumzi ndiyo iliyoamua. Akaiachia runinga, ikarudi mezani kwa kishindo, akamng'oa Bi Hafsa kochini na kutoka naye mgongoni, magoti yakigongana, miwani imening'inia sikio moja.

Kichochoro kizima kilipiga vigelegele.

"Mzee, shikamoo," alisema Anold. "Kuna nini?"

"Marahaba," alijibu Mzee Msafiri kutoka chini, maana alikuwa amekaa kwenye ngazi, na Bi Hafsa amekaa juu ya mguu wake. "Runinga inalipuka."

"Nani kasema?"

Mzee Msafiri akampa simu. Anold akaisoma, akaisoma tena, akaanza kucheka kwa ndani, mabega tu yanatikisika.

"Mzee, hii si hadhari. Hii ni echi-di-ara."

"Echi-di-ara ndiyo nini?"

"Namna ya kutuma picha yenye mwanga mwingi na rangi nyingi. Kiboksi chako kinaituma saa zote. Runinga nayo inaijua, lakini hapo ulipochomeka waya hapajaruhusiwa kuipokea. Yaani kiboksi kinasema Kiarabu cha chuoni, runinga inaitikia tu bila kuelewa. Ndiyo maana mtu anatoka mweupe."

"Na kijani?" aliuliza Bi Hafsa, ambaye alishapata pumzi.

"Kijani ni mkono wa mtu, bibi. Kuna aliyebonyeza rangi."

Watu wote wakamtazama Mzee Msafiri. Yeye akawa anasafisha miwani.

"Wangeandika hivyo basi," alisema baadaye. "Picha-yenye-mwanga-mwingi. Herufi tatu za nini?"

Anold hakungoja kuombwa msamaha, na ni vizuri, maana angengoja sana. Aliingia ndani. Wakamfuata hatua tatu nyuma, Abdulghani akiwa wa mwisho, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango. Fundi wa pasi akashika rimoti ya kiboksi, akayaondoa yale maneno matatu, akairudisha rangi ilipokuwa. Kijani kikaondoka, weupe ukarudi. "Mudathir kasema zima," alisema. "Ukizima inatosha. Ila ni dhambi kununua kitu kikubwa hivi halafu ukakifunga macho." Akachukua rimoti ya runinga, akaingia kwenye ukurasa wa matundu yake, akaliruhusu lile lenye waya. Runinga ikawa giza kwa kufumba na kufumbua. Abdulghani akatoka nje tena.

Kisha Mudathir akarudi.

Alirudi maji ya kunde, na kovu dogo juu ya jicho la kushoto, lile la kuanguka kwenye mnazi wa babu yake. Ukutani nyuma yake ilionekana picha ya mama yake na kalenda. Shati halikuwa jeupe kumbe, lilikuwa na mistari ya buluu. Na alipofika pale pa "kuwapa mkono", aliuinua kweli mkono wake, ambao awali ulikuwa umemezwa na ukuta. Anold akasimamisha picha, akaikuza.

Bi Hafsa akaisogelea runinga mpaka pua ikakaribia kioo. Akahesabu vifundo kimoja kimoja, kidole gumba mpaka cha mwisho.

"Rangi moja," alisema.

"Nilisema mimi," alisema Mzee Msafiri.

"Ulisema zambarau."

Akarudi kochini, lakini safari hii akakaa ukingoni. Bahasha ilikuwa bado mezani, imelowa soda pembe moja, maana katika mbio zile chupa ililala. Bi Hafsa aliichukua, akaifuta kwa upindo wa baibui, akaigeuza.

"Mimi vifundo nimeviona, sawa," alisema Bi Hafsa. "Lakini nitawaambia ukweli: hata visingeonekana, ningesema hivi hivi. Kaka yangu wa tumbo moja alitoka humu kwa viwiko akaniacha."

"Hafsa…"

"Nyamaza, Abdulghani. Na mtu baki, mwenye runinga yake mpya inayowaka, alirudi motoni. Nilimsikia kwa masikio yangu. Hakugusa kitu. Aliniambia, Bi Hafsa, nyanyuka. Nyumba inayomwona mtu kabla ya kitu, Mwantumu wetu atakaa hapo." Akafungua mkoba, akaitia bahasha ndani, akavuta zipu mpaka mwisho.

Mwanamkasi alipiga kigelegele kilichosikika mpaka barabara ya pili. Abdulghani akampa Mzee Msafiri mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akafuta macho. Anold alipewa sambusa nne, na tangu siku hiyo akawa anaitwa Injinia, ingawa pasi ya nyumba hiyo hajalipwa mpaka leo.

Mzee Msafiri yeye aliinamisha kichwa, mkono kifuani, kwa unyenyekevu ambao hakuna aliyewahi kumwona nao. "Ah, Bi Hafsa," alisema. "Kitu ni kitu tu."

Walipokwisha wasindikiza wageni mpaka kituoni na kurudi, Mwanamkasi alisimama mbele ya runinga na kitambaa cha vumbi. Alikitazama kioo kwa muda. Kisha akamwita mumewe kwa sauti ndogo, ile ya kuitia paka.

"Baba Mudathir."

"Naam."

"Mimi mlipokuwa ndani nilikuwa dirishani. Hizi alama za mikono hapa pembeni, kulia na kushoto, vidole kumi vyote. Za nani?"

Mzee Msafiri alitazama mlangoni. Alitazama dirishani. Kichochoroni Abdulghani hayupo, Bi Hafsa hayupo, lakini Anold alikuwapo, pasi mkononi, na masikio yake yote mawili.

Akamchukua mkewe kitambaa mkononi, akaanza kufuta mwenyewe, pole pole, kidole baada ya kidole.

"Mwanamkasi," alisema. "Hdr."